Je, wajua kwa nini snea ya Metallica iliwagawa mashabiki?

Ukipata nafasi, ipindue ile ngoma ndogo ya bendi ya shule, anayoivaa mwanafunzi begani siku ya gwaride. Mara nyingi chini yake utakuta nyuzi za chuma zilizosokotwa kama springi, zimelazwa juu ya ngozi ya pili. Ubavuni kuna kitasa kidogo. Ukikisukuma upande mmoja nyuzi zinabana ngozi, ukikirudisha zinaachia. Piga fimbo nyuzi zikiwa zimebana: chaa! Mlio mfupi na mkavu, kama kayamba lililotikiswa mara moja. Piga tena zikiwa zimelegea: toong. Hapo kayamba hakuna, kuna debe tupu linaloendelea kulia hata fimbo ikishaondoka.

Hiyo ndiyo ngoma ambayo wapiga drams wanaiita snea, na kitasa kama hicho ndicho kilichowagawa mashabiki wa Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, mwaka 2003. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo, na mimi naona una mengi ya kutufundisha kuhusu namna sikio la shabiki linavyofanya kazi.

Metallica ilianzishwa Los Angeles mwaka 1981 na Lars Ulrich, mpiga drams mzaliwa wa Denmark, pamoja na James Hetfield, mwimbaji na mpiga rithimu. Kati ya 1983 na 1988 walitoa albamu nne za kasi ya ajabu zilizowapa wafuasi waaminifu. Mwaka 1991 ikaja ile yenye jalada jeusi, iliyobeba jina la bendi yenyewe, ikauza nakala zaidi ya milioni 16 Marekani peke yake. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu muziki wa roki alilijua jina lao.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda upande. Albamu za 1996 na 1997 zilipunguza kasi, na wenyewe wakakata nywele, jambo ambalo mashabiki wa zamani walilichukulia kwa uzito kweli kweli. Mwaka 2000 waliishtaki Napster, mtandao wa kupeana nyimbo bure, wakapeleka majina ya watumiaji zaidi ya laki tatu. Wengi wa watu hao walikuwa mashabiki wao wenyewe. Januari 2001 mpiga besi Jason Newsted akaondoka baada ya miaka kumi na minne. Julai mwaka huo Hetfield akaenda kutibiwa ulevi, studio ikafungwa kwa miezi mingi. Aliporudi mwaka 2002 alikuja na sharti: kazi inaanza saa sita mchana na kuisha saa kumi jioni, haongezi hata dakika. Bendi ilikuwa inalipa mshauri wa kisaikolojia ili tu wakae chumba kimoja bila kugombana. Haya yote yalipigwa filamu, ikatoka mwaka 2004, nayo inaonyesha wazi wanaume waliokuwa karibu kuachana.

Katika hali hiyo ndipo ilipozaliwa St. Anger, albamu ya 2003 yenye ugomvi wetu. Kwa maelezo ya Ulrich mwenyewe, siku moja alizilegeza nyuzi za snea akasahau kuzirudisha. Walipoketi kusikiliza walichorekodi, akaupenda mlio ule. Wakauacha. Mtayarishaji wao, Bob Rock, ambaye pia ndiye aliyepiga besi kwenye albamu nzima, alitaka isikike kama vijana wanne wanaofanya mazoezi gereji, wala si kama matajiri waliokaa mwaka mzima kusafisha sauti. Mlio wa debe uliingia sawasawa na nia hiyo.

Basi kwa nini masikio mengi yakaukataa?

Ukipiga ngozi ya juu ya snea, hewa iliyo ndani inaisukuma ngozi ya chini, nayo inagonga zile nyuzi. Nyuzi zinatoa mchakacho uliochanganya sauti nyingi za juu kwa wakati mmoja, hata sikio lisiweze kusema hii ni noti gani. Mchakacho huo una kazi mbili. Kwanza, unakatiza katikati ya magitaa mazito ukasikika hata yakinguruma vipi. Pili, kwa kuwa hauna noti, unakaa kwenye wimbo wowote bila kugongana na mtu.

Ondoa nyuzi, na ngoma inabaki na sauti yake yenyewe, nayo ni noti. Inaitika, inachelewa kufa, na ni ile ile wimbo huu na wimbo ujao, gitaa lishuke au lipande. Kwenye St. Anger magitaa yalilegezwa yakaenda chini sana, sauti ya ngoma ikawekwa mbele kabisa, na Ulrich anapiga kwa kasi. Albamu ina nyimbo 11 na hakuna hata mmoja ulio chini ya dakika tano. Kwa jumla ni dakika 75. Sasa chukua noti moja ya debe uirudie kwa dakika 75. Hata msikilizaji asiyejua snea ni nini anachoka, ingawa hajui kinachomchosha. Aliyezoea ile chaa! ya albamu ya 1991 yeye alijua mara moja, tangu sekunde za mwanzo.

Kulikuwa na kidonda cha pili: hakuna solo, ile sehemu gitaa linapotamba peke yake. Hata moja. Kwa msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi, jaribu kuwaza wimbo wa Kikongo unaoisha bila sebene. Maneno yamekwisha, umeshainuka kwenye kiti, na gitaa halifunguki. Kirk Hammett, mpiga solo wa bendi tangu 1983, anaonekana kwenye ile filamu akipinga uamuzi huo. Hoja yake ilikuwa kwamba kuacha solo kwa sababu si mtindo wa wakati ule kutaifunga albamu kwenye wakati ule ule. Naona alikuwa na haki kabisa. Ukiisikiliza leo, unaijua ni ya mwanzo wa miaka ya 2000 bila kutazama jalada.

Hata hivyo albamu ilinunuliwa. Wiki ya kwanza Marekani ziliuzwa nakala zaidi ya laki nne, ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza, na mwaka 2004 wimbo uliobeba jina lake ukapata tuzo ya Grammy. Kwa upande wa pili, Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, iliipa alama 0.8 kati ya 10. Sifuri nukta nane! Ni nadra bendi kubwa kushika kilele cha mauzo na mkia wa alama kwa kazi moja.

Wanaoipenda, na wapo wengi, hawasemi kwamba mlio ni mzuri. Wanasema ni wa kweli. Kwao hiyo ni sauti ya mtu anayetoka kwenye ulevi akiwa na hasira na aibu, na hasira haijawahi kupigwa pasi. Kuna waliokuwa na miaka kumi na mitano wakati ule, ambao hawakuwa na albamu ya 1986 kichwani ya kulinganisha nayo. Hao ndiyo watetezi wakali zaidi hadi leo, nami nawaelewa: albamu ya kwanza unayoipenda ukiwa kijana huwezi kuirudisha dukani.

Wengine walifika mbali zaidi. Miaka kadhaa baadaye kuna wanamuziki mashabiki walioirekodi albamu nzima upya, wakiwa na snea yenye nyuzi zake, wakafupisha nyimbo na kuziweka mtandaoni. Nilipoisikiliza kazi hiyo, kitu kilichonishangaza ni kwamba urefu uliniuma kuliko nilivyodhani. Debe lilikuwa limebebeshwa lawama zote, kumbe baadhi ya nyimbo zilikuwa zinahitaji mkasi tangu zamani.

Mwaka 2008 ikatoka Death Magnetic, solo zikarudi, snea ikarudi, watu wakafurahi. Kisha wakagundua kwamba sauti ilikuwa imepandishwa mpaka inachanika. Nyimbo hizo hizo zilikuwa pia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, na humo zilisikika safi zaidi. Mashabiki zaidi ya elfu kumi wakatia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Haikuchanganywa, lakini ombi lenyewe linaonyesha watu hawa wanavyosikiliza: wimbo wanaupenda, kisha wanafungua boneti kutazama injini.

Ulrich bado anasimama na mlio wake, amesema hivyo mara nyingi bila kuomba radhi. Hetfield ni mpole zaidi. Mwaka 2017 alikiri kwamba St. Anger ingefaidika kama mlio wa bati wa snea ungepunguzwa kidogo, kama vile albamu yao ya 1988 ingefaidika na besi zaidi, lakini akaongeza kuwa kasoro hizo ni sehemu ya historia yao.

Septemba 2019 walipiga San Francisco pamoja na okestra ya mji huo. Kati ya nyimbo walizochagua ulikuwemo All Within My Hands, wimbo unaofunga St. Anger, ambao kwenye albamu ni karibu dakika tisa za kelele na kilio. Safari hii waliupiga kwa gitaa lisilo la umeme, polepole, Hetfield akiimba kwa sauti ya chini huku vinanda vikimfuata nyuma. Kama hujawahi kuisikia albamu hiyo, anzia hapo, kisha urudi kwenye toleo la 2003 ukiwa na moyo wa kuvumilia ile toong.