Maji ya moto hayatoi majimaji yaliyo chini ya ngozi

Hapa Bukavu mama akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, na wengi huamini aliyepasuliwa kunyonywa mafuta ya mwilini naye akandwe ili maji yaliyojaa chini ya ngozi yatoke. Hayatoki. Ni majimaji ya damu na limfu (majimaji maangavu ya mwilini) yaliyokusanyika pale mafuta yalipokuwa, na joto linaweza kuzidisha uvimbe. Kinachonitia hofu zaidi ni ganzi: ngozi ile huweza kukosa hisia kwa wiki kadhaa, hata miezi, mtu akaungua bila kujua. Majimaji yakiwa machache, mwili wenyewe huyanyonya, na nguo ya kubana husaidia. Yakiwa mengi, daktari huyavuta kwa sindano safi, pengine mara kadhaa. Ukiona homa, wekundu au usaha, dada yangu, nenda hospitali siku hiyohiyo.