Tasnifu Iliyoskaniwa Bado Haijapatikana

Kila muhula hunijia mtu, safari hii mhadhiri ninayemheshimu, akishangaa kwa nini wakutubi wa vyuo vikuu tunadai mafunzo ya teknolojia ilhali mashine ya kuskani huweza kuendeshwa hata na kijana wa kibarua. Tasnifu ikishapakiwa kwenye DSpace, programu ya kuhifadhi na kutoa kazi za chuo mtandaoni, husema, kazi imekwisha, nami ndipo ninapoianza.

Skani ambayo haijapitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi ni picha tu, hilo nalipita. Vipengele 15 vya msingi vya Dublin Core, kiwango cha kuelezea rekodi (kichwa, mwandishi, tarehe na kadhalika), navyo havimtoi jasho mtu makini. Kinachonikera ni jina la mwandishi.

Hapa Kisumu majina yenye ng' hayahesabiki. Mtu huandika Okong'o kwa ritifaa iliyonyooka, ambayo katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake, ni U+0027; Word humgeuzia ikawa iliyopinda, U+2019; karani mwingine huiacha kabisa. Kwa jicho huyo ni mtu mmoja, lakini katika orodha ya waandishi ya mfumo usiopangwa kulinganisha alama hizo ni watu watatu, na msomaji huondoka na sehemu tu ya kazi zake. Mkutubi asiyejua kwamba ndani ya kompyuta kila herufi ni namba atailaumu intaneti, kisha atamwita fundi, ambaye ataona mitambo yote ni mizima, na kweli ni mizima.

Ujuzi ninaoudai ni wa kutoa rekodi zote katika faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kuzifungua kwa OpenRefine, programu ya kusafisha data, kuyakusanya maumbo ya majina yanayokaribiana, kuyasawazisha na kuyarudisha bila kuvuruga kitu. (Anayeifungua faili hiyo kwa Excel bila kuchagua UTF-8, namna ya kuhifadhi namba hizo za Unicode, kisha akaihifadhi, asinitafute.) ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti iliyoanza mwaka 2012, humsaidia mwandishi aliyejisajili; lakini mwenye tasnifu ya mwaka 1984, ambaye huenda ni marehemu, haimfai kitu.

Lipo linalonitatiza. Kanuni zetu, zilizozoea majina ya ukoo ya Ulaya, hutanguliza jina la mwisho; je, mwanamke aliyeandika uzamili kwa jina la babake na uzamivu kwa la mumewe, tumworodheshe kwa lipi? Mimi hulishika lililo kwenye tasnifu ya karibuni na kulielekeza lile la zamani huko. Mwenzangu wa Kakamega hufanya kinyume, na sijapata hoja ya kumshinda.