Je, wajua kwa nini ubao wa mvule huoza ukingoni huku katikati ukibaki mzima?

Nenda mwalo wowote wa Mwanza, uwe Igombe, Kayenze au Kirumba, hukosi kukuta mtumbwi mzee uliotelekezwa mchangani. Kama ulijengwa kwa mvule, uinamie uutazame vizuri. Mara nyingi utakuta ubao mmoja, uliotoka kwenye gogo moja na kupigwa misumari siku moja, ukingo wake umekuwa unga unaomegeka kwa kidole. Sogeza mkono kidogo tu, ubao uleule ni mzima, hata ncha ya kisu inakataa kuingia. Jua limeupiga ubao wote sawa, maji ni yaleyale. Imekuwaje?

Wengi hujibu kwamba mvule ni mti mgumu na mzito. Jibu hilo halitoshi. Mita moja ya ujazo ya mvule mkavu ina uzito wa kilo 650 hivi. Ya mpingo hufika kilo 1,200, ndiyo maana kipande cha mpingo ukikitupa ziwani kinazama, wakati cha mvule kinaelea. Na zipo mbao nzito kuliko mvule ambazo huoza upesi zikikutana na unyevu. Uzito hauzuii kuoza.

Kinachozuia ni sumu, na sumu hiyo mti wenyewe huitengeneza ungali hai. Shina lina sehemu mbili. Ile ya nje, iliyopauka, inayopakana na gome, ndiyo inayopandisha maji kutoka mizizini, na humo mti huhifadhi akiba ya wanga na sukari. Mti unavyozidi kunenepa, matabaka ya ndani huacha kazi hiyo. Kabla seli zake hazijafa kabisa, hutumia ile akiba kutengeneza kemikali ambazo hutanda ndani ya mbao na kuibadilisha rangi. Hapo ndipo panapoitwa kiini. Katika kiini cha mvule mojawapo ya kemikali hizo ni kloroforini, iliyopewa jina kutokana na jina la kisayansi la zamani la mti huu, Chlorophora excelsa. Leo unaitwa Milicia excelsa. Kuvu wanaoozesha mbao hawastawi humo, na mchwa hupaepuka.

Kwa hiyo ule ukingo uliokuwa unga haukuwa kiini. Ulikuwa sehemu ya nje, yenye chakula na isiyo na sumu. Mpasuaji alitaka ubao mpana, akaacha weupe pembeni, na rangi ya mafuta ikaufunika.

Mtumbwi una balaa lake la pekee. Kuvu wanahitaji vitu vitatu kwa pamoja: chakula, unyevu na hewa. Ubao ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hauozi. Uliozama moja kwa moja nao huoza polepole mno, kwa sababu hewa ni haba. Lakini mtumbwi huishi katikati ya hali hizo mbili. Asubuhi uko majini, mchana umevutwa mchangani, na ndani yake maji ya mvua na ya mawimbi yametuama. Ndiyo maana uozo huanzia kwenye usawa wa maji, kwenye matundu ya misumari na kwenye maungio ya sakafuni, wala si kwenye tumbo la chini kabisa.

Kuna fadhila ya pili ambayo naiona kubwa sawa na ile ya kwanza. Mvule hausinyai sana. Kutoka ubichi hadi kukauka kabisa, upana wa ubao hupungua kwa asilimia 4 hivi tu. Mbao zinazosinyaa sana zikianikwa juani huachana, pamba iliyozibwa kati yake hulegea, na mvuvi akirudi majini anakuta chombo kinavuja. Wa mvule hutulia.

Ziwa letu halina wale wadudu wa baharini wanaotoboa mashua kule pwani, maana maji yake hayana chumvi. Lina mtobozi wake lakini: Povilla adusta, mdudu ambaye utoto wake wote hukaa ndani ya mbao zilizozama, akichimba vijumba. Akikomaa hupata mabawa, na wenzake hutoka majini kwa wingi usiku mmoja au miwili baada ya mwezi mpevu, siku zilezile ambazo wavuvi wengi wa dagaa wamepumzisha taa zao.

Ukienda kununua, basi, tazama rangi kabla ya kupima uzito. Kiini cha mvule kikipasuliwa ni cha manjano, kisha hewa na mwanga hukigeuza kuwa kahawia ya dhahabu. Sehemu ya nje hubaki imepauka. Kataa ubao uliokwisha kupakwa rangi. Na anayeupasua au kuupiga randa afunge pua na mdomo: vumbi lake huwasha ngozi, hupigisha chafya, na wengine huwaletea pumu. Msumeno nao huweza kugonga jiwe, jiwe la kweli, kwa kuwa mvule hukusanya chokaa ndani ya shina.

Tatizo ni kwamba mivule mikubwa imeadimika, na kuipanda kwa wingi kumeshindikana mara nyingi. Kuna mivule ya kiume na ya kike, na mbegu husambazwa zaidi na popo wanaokula matunda. Mche ukishaota, mdudu mdogo aitwaye Phytolyma hutaga mayai kwenye vichipukizi, navyo huvimba vinundu, hupasuka na kuoza. Sumu ya kiini haiusaidii mche hata kidogo, kwa kuwa bado hauna kiini. Huko Ghana watafiti wa misitu wamekuwa wakichagua miche inayostahimili mdudu huyo na kuichanganya na miti mingine badala ya kuipanda peke yake juani. Kwa yeyote mwenye shamba kando ya ziwa, mvule mmoja mmoja chini ya kivuli cha miti mingine una nafasi nzuri zaidi ya kuvuka miaka ile ya mwanzo.