Gesi haiingii kwenye wali jamani

Huku Tanga, Ngamiani hasa, bado kuna watu wanaamini chakula kilichopikwa kwa gesi kinajaza tumbo gesi, eti ile harufu inaingia kwenye wali. Hapana. Gesi ya mtungi ni propani na butani, zenyewe hazina harufu, ile harufu kali inawekwa makusudi ili ikivuja ushtuke, na ikiwaka vizuri inabaki mvuke wa maji na kabonidayoksaidi tu, cha kuingia kwenye sufuria hakuna. Samaki wa kuchoma sawa, pale mkaa una utamu wake sibishi. Ila mkaa huohuo unatoa kabonimonoksaidi, hewa ya sumu, haina harufu kabisa, ukilala na jiko ndani umefunga madirisha unaweza usiamke. Gesi nayo ikivuja inakaa chini, fungua milango, usiwashe hata taa.