Steringi bubu ndiye anayeongea Kiswahili

Mpwa wangu ana miaka 19 na ana tabia ya kuongea na kompyuta. Juzi usiku nimekaa nyuma yake hapa nyumbani Shangani, Mtwara, nachambua mafaili ya sauti, yeye yuko ndani ya gemu ya Skyrim. Mlinzi wa mji kamsimamisha. Kwenye skrini yakaja majibu ya Kiingereza, maandishi matupu, maana steringi wa Skyrim, ukiacha zile kelele zake za kichawi, hana sauti ya kuongea. Kijana akabofya moja, na hapohapo akalisema mwenyewe kwa mdomo: "Aa, afande, mie mpita njia tu, nimetumwa na mama." Steringi hana mama kwenye gemu ile, na hakuna jibu lililotaja kutumwa.

Wiki ileile akaweka Fallout 4, gemu ambayo steringi wake ana sauti. Baada ya nusu saa nikaona kimya kimezidi, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu bila kugeuka: "Mjomba, huyu jamaa ananisemea."

Nimesoma mengi kuhusu jambo hili na sijaona aliyelimaliza kwa maneno machache hivyo. Kusemea kwetu kuna maana mbili: kuongea kwa niaba ya mtu, na kumchongea kwa mwalimu. Fallout 4 inafanya yote mawili.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi nakula kwa sauti. Zamani nilikuwa kwenye michezo ya redio, siku hizi nina chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani na godoro mlangoni, narekodi matangazo, mawaidha, hadithi, chochote kinacholipa. Tangu mwaka juzi mimi na wenzangu wawili tunatengeneza gemu ndogo ya kuvaa uhusika, ile aina mnayoiita RPG, inayotokea Mikindani. Mmoja anachora, mmoja anaandika programu, mimi ni maneno na sauti. Kwa hiyo swali la steringi aongee au asiongee kwangu si la kijiweni. Limenitoa jasho, na fedha pia.

Kimya cha mwanzo kilikuwa cha ufukara. Dragon Quest ilipotoka Japani mwaka 1986, kaseti yake nzima ilikuwa na kilobaiti 64: picha, muziki, ramani, maadui, maneno, vyote humo. Sauti ya ubora wa simu ya mezani, isiyobanwa, inakula kilobaiti 8 kwa sekunde. Ungeitupa gemu yote ukajaza sauti tupu, ungepata sekunde nane. Kwa sekunde nane mzee wa Mikindani hajamaliza hata kukuuliza habari za nyumbani. Basi shujaa akanyamaza, kunyamaza kukawa mazoea, na nafasi ilipopatikana watu walikuwa wameshayapenda.

Mwaka 2007 Mass Effect ikaleta kamanda Shepard mwenye sauti kamili, Mark Meer kwa mwanamume na Jennifer Hale kwa mwanamke, pamoja na lile gurudumu la majibu, yaani duara la kuchagulia jibu kwenye skrini. Gurudumu lina sababu ya kifundi. Ukimpa mtu sentensi nzima akaisoma, kisha ukamsomea tena ileile, anachoka. Nimejaribu hapa chumbani. Mara ya tatu tu unatafuta kitufe cha kuruka. Kwa hiyo unaonyeshwa ufupisho wa maneno mawili matatu, na sentensi halisi unaisikia kwa mara ya kwanza pamoja na yule anayeambiwa. Hapo ndipo unapochongewa. Umechagua "kataa", mdomo wako ukatukana.

Fallout 4 ya mwaka 2015 ndiyo iliyolifikisha jambo mbali. Majibu manne, yote ya mkato, na mojawapo mara nyingi limeandikwa "kejeli" basi, ujue mwenyewe kejeli gani. Brian T. Delaney na Courtenay Taylor walirekodi zaidi ya mistari 13,000 kila mmoja, kazi ya zaidi ya miaka miwili. Kwa usomaji wao sina neno. Lakini haukupita muda wachezaji wakatengeneza nyongeza yao wenyewe ya kuonyesha sentensi nzima kabla ya kuchagua. Walitaka kujua mapema vinywa vyao vinakwenda kusema nini.

Ngoja niwaonyeshe ugonjwa huu kwa Kiswahili, kwa neno moja tu: haya.

Kwenye gemu yetu kuna mvuvi pale ufukweni anayetaja bei ya pweza, na mchezaji ana jibu la "Haya." Nikamkalisha msomaji wangu, dada mmoja fundi kwelikweli. Akasoma haya ya kukubali bei. Akasoma ya kukubali huku roho inauma, ile inayotoka na pumzi. Akasoma ya umenishinda bwana. Ya tutaona. Ya mama anayemwambia mtoto endelea tu kulia. Ya kumuaga mtu uliyemchoka. Ya kumhimiza punda. Tukafika 11, saa mbili na nusu za kazi, na mara tatu tulisimama kusubiri malori ya korosho yanayoshuka bandarini yapite, kwa sababu sakafu inatetemeka mpaka kwenye kipaza sauti. Usiku nikazisikiliza zote. Zote zilikuwa sahihi. Nikiweka ya tatu, mvuvi anakuwa tapeli na mchezaji mnyonge. Nikiweka ya tano, mchezaji anatafuta ugomvi. Nikiweka herufi nne tupu kwenye skrini, kila mtu anakuja na haya yake.

Na sisi huku tulishazoea kumsemea steringi. Wenye umri wangu tumekulia vibanda umiza. Filamu ya Hong Kong au ya Kihindi, mtafsiri mmoja, Lufufu au mwingine, anasema kwa wote: steringi, adui, mama mkwe, mpaka mbwa. Hakuna aliyelalamika kwamba steringi anaongea kama mtoto wa Temeke. Tulijua midomo inasema jingine, na hatukwenda pale kusikiliza midomo. Mpwa wangu hakuyakalia mabenchi yale, lakini anachofanya mbele ya Skyrim ni kazi ileile. Kiti cha mtafsiri kiko wazi, kakikalia. Fallout 4 inakikalia kabla yake, tena kwa Kiingereza cha Marekani. Mimi sijawahi kucheza RPG kubwa ambayo steringi wake anaongea Kiswahili. Katika zote nilizocheza, anayeweza kuongea Kiswahili ni bubu peke yake, na anaongea kile cha mwenye pedi: cha Newala, cha Kilwa, cha Tandika.

Haya (ile ya kwanza, ya kukubali), sauti nayo ina kazi zake. Geralt wa The Witcher 3 anaongea kwa koo la Doug Cockle na sitaki anyamaze, kwa sababu Geralt ni mtu kamili kabla yako. Ana mambo yake ya zamani, ana mapenzi yake, ana binti aliyemlea. Wewe unamwendesha kama dereva anavyoendesha gari la tajiri. Na Dragon Age II ya mwaka 2011 ina ufundi ninaouonea wivu: inahesabu unavyopenda kujibu, kwa upole, kwa utani au kwa ukali, kisha steringi wake, Hawke, akifungua mdomo bila wewe kuchagua, anaongea kwa hulka uliyomzoesha. Maana yake mstari wa namna hiyo unasomwa mara tatu, na kwa Hawke wa kiume na wa kike ni mara sita. Bei ya studio pigeni wenyewe.

Bubu pia ana aibu zake. Kwenye Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 wenzako wanalia, wanacheka, wanaapa kwa sauti, na mhusika uliyemuumba kwa mikono yako anasimama katikati amekunja uso, kama mtu aliyefika msibani akasahau kutoa pole. Kosa, kwa maoni yangu, halipo kwenye kimya. Lipo kwenye uso. Utotoni Newala nilimwona lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde mwenye kinyago, akicheza, uso wa mti usiobadilika, hasemi neno, nami nilikimbia nikiwa na hakika kaniita jina. Uso ule ungeanza kukunja nyusi, nisingekimbia. Disco Elysium imekwepa mtego huo vizuri: toleo la mwaka 2021 lilimpa sauti kila mtu, hata fikra za mpelelezi zinaongea kichwani mwake kwa sauti nzito ya Lenval Brown, ila sentensi za mpelelezi mwenyewe unazisoma tu. Kichwa kimejaa makelele kiasi kwamba huoni pengo.

Kilichotuamua sisi lakini kilikuwa korosho. Tulikuwa tumeanza na steringi mwenye sauti, kijana mmoja msomaji mzuri, mistari 60 imekwisha. Kisha mwandishi wa programu akagundua kwamba njia ya kwenda kwa nahodha haipitiki, ikabidi hadithi igeuzwe, na mistari kama 20 ikawa inataja kitu ambacho hakipo tena. Mistari 20 ni asubuhi moja. Ila kijana alishakwenda Tandahimba kwao, msimu umeanza, shamba lina wazee tu, na hakuna aliyejua angerudi lini. Nikajaribu msomaji mwingine. Katikati ya maongezi steringi akawa anabadilika mtu. Tukafuta yote 60. Sauti ikisharekodiwa, hadithi inaganda, na hadithi ya gemu hubadilishwa mpaka wiki ya mwisho. Wakubwa wana fedha za kumrudisha msomaji, lakini hata wao Starfield ya mwaka 2023, yenye zaidi ya mistari 250,000, wameirudisha kwenye steringi asiyeongea, na ni watengenezaji walewale wa Fallout 4.

Kuna aliyenishauri nitumie sauti ya mashine. Nimejaribu. Ilisema "shikamoo" kama inatangaza basi la saa kumi na mbili. Waigizaji wa sauti za gemu Marekani waligoma tangu Julai 2024 hadi katikati ya 2025, hoja kubwa ikiwa mashine kuiga sauti zao, na mimi niko upande wao hata kama mashine ingejua kuamkia.

Nikadhani bubu kwa Kiswahili ni kazi nyepesi. Lugha yetu haimtangazi mtu: alikuja, alisema, alilala, hujui mwanamume au mwanamke. Kwa Kipolandi kitenzi cha wakati uliopita kinamtaja msemaji jinsia yake, na kwenye Cyberpunk 2077, kazi ya Wapolandi hao, ilipotoka gemu mwaka 2020, sauti unayomchagulia steringi wake, V, ndiyo iliyoamua wengine wamtaje kama mwanamume au mwanamke. Sisi andiko moja linatosha wote. Nikajisifu siku mbili. Siku ya tatu nikaandika onyesho la kwanza, bibi kwenye baraza anamwita mchezaji, "Wee mjukuu!", nikaganda. Anaitikaje? Mwanamume ni naam, mwanamke ni abee. Neno la kwanza kabisa, na kila kitu kimeshatajwa. Baada yake shikamoo, nayo inataja umri. Na kuruka salamu haiwezekani. Bibi wa Mikindani hampi maelekezo ya njia mtu asiyeamkia, na mchezaji wa Mtwara atamwona steringi wake hana adabu kabla hajamwona adui wa kwanza.

Jibu lilitoka redioni. Kwenye mchezo wa redio, mtu akipiga simu, unasikia upande mmoja tu, na upande wa pili unaujenga kwa yule unayemsikia: "Eti nini? Umetoka Lindi leo? Kwa basi?" Ndivyo ninavyoandika sasa. Steringi hasikiki, mwenzake anasikika akipokea. Ufundi uko kwenye kujizuia, kwa sababu ukifanya kila mtu arudie kilichosemwa, gemu nzima inakuwa ya viziwi. Mimi nairuhusu kwenye salamu, kwenye mshangao na kwenye bei, penginepo naacha. Na kila "Marahaba" ya bibi lazima iendane na wachezaji wa kila namna, kwa hiyo nimemrekodi akiisema kwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka wewe ni mtoto wa nani.

Jumamosi nikaweka onyesho lile kwa majaribio, mpwa wangu na binti wa jirani wamebanana kwenye kiti kimoja. Spika ikasema, "Wee mjukuu!" Mmoja akaitika naam, mwingine abee, kwa pamoja, kisha wakacheka, kisha wote wawili wakaanza shikamoo. Bibi akadakia "Marahaba" kabla hawajafika kwenye "moo".

Nimemchelewesha kwa sekunde moja. Leo usiku, malori yakipungua, nitajaribu moja na nusu.