Kuachisha ndama mapema ni kwa ajili ya mama yake, si kwa ajili ya kibuyu

Tangu malisho yaanze kukauka, ofisi yetu ya mifugo imekuwa ikipokea malalamiko ya aina moja kutoka minadani. Ndama wa miezi miwili, manyoya yamesimama, tumbo limevimba, anauzwa kwa bei ya mbuzi. Ukimuuliza mwenye mali, anajibu bila wasiwasi: "Si ninyi wataalamu mmetuambia tuachishe mapema?" Hatukusema hivyo. Tulichosema kina masharti, na masharti ndiyo yanayoachwa njiani kila mara.

Ndama wa ng'ombe wa nyama kwa kawaida hunyonya miezi 6 hadi 8. Kuachisha mapema ni kumtenga akiwa na miezi 3 hadi 5, pale kiangazi kinapobana na mama amekonda. Anayeokolewa hapo kwanza ni mama. Mimba ya ng'ombe huchukua siku zipatazo 283. Ukitaka azae kila mwaka, zinabaki siku 82 tu tangu azae hadi ashike nyingine. Ng'ombe aliyekonda, na ndama yuko chuchuni mchana na usiku, hapati joto, yaani hataki dume. Kunyonywa kwenyewe kunazuia homoni za kupevusha yai, na kile kidogo anachokula kinaishia kwenye maziwa. Ndiyo maana tunakuta mazizi yamejaa majike wanaozaa mara moja kwa miaka miwili, halafu lawama anatupiwa dume.

Huko Kishapu, mkoani Shinyanga, mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Bwana mifugo, ndama akiondoka, wajukuu wangu watakunywa nini?" Swali la haki kabisa. Ng'ombe wetu wa asili hashushi maziwa bila ndama. Asubuhi ile nilisimama zizini kwake nikaangalia: kijana alimfungulia ndama, akamwacha anyonye kidogo mpaka kiwele kikajaa, akamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, ndipo akachuchumaa kukamua. Zilipatikana lita moja na ushee. Sasa anayemwondoa ndama akidhani maziwa yote yatakuwa yake anajidanganya. Baada ya siku chache ng'ombe amekauka na kibuyu kimekauka. Tulichokubaliana na mzee ni kwamba majike wawili wenye mwili wabaki na ndama wao kwa ajili ya nyumba, na wale ambao mbavu zao unazihesabu ukiwa mlangoni mwa zizi ndio watenganishwe. Si lazima zizi zima! Nimelisema hili katika mikutano mingi, na bado watu hutoka wakisema serikali imekataza ndama kunyonya.

Tuje kwenye tumbo la ndama, ambalo lina sehemu nne. Maziwa hayapiti kwenye tumbo kubwa. Yana mfereji wake unaoyapeleka moja kwa moja hadi tumbo la nne. Tumbo kubwa la kuchachusha majani linakomaa ndama anapokula chakula kikavu, hasa chenye nafaka. Ukimwachisha kabla halijakomaa na ukamwachia mabua, atashiba na atakonda huku ameshiba. Kwa hiyo anzeni wiki tatu kabla. Tengenezeni kijizizi chenye upenyo anaopita ndama, mama asipite. Ndani wekeni mchanganyiko wa pumba za mahindi debe 6 kwa mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) debe 4, chumvi na madini ya mifugo, na maji safi muda wote. Pimeni anachokula. Akimaliza kilo moja kwa siku, siku tatu mfululizo, yuko tayari. Kama hajafika hapo, hayuko tayari, hata kama mnada ni kesho.

Mashudu ya pamba najua yako tele kwetu na ni ya bei nafuu, lakini yana sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa anaimudu, ndama mchanga haimudu, na huweza kufa ghafla akiwa bado amenona. Urea nayo asipewe. Pumba zenye ukungu zina sumukuvu. Msiseme "hii ni ya ng'ombe tu".

Siku ya kutenganisha, wawekeni pande mbili za uzio imara ili waonane, kwa muda wa wiki moja hivi. Watalia siku mbili tatu, na nyumbani hapatalalika. Siku hiyo msihasi, msikate pembe, msipige chapa. Kumfunga ndama miiba puani na kumpaka mama mavi kwenye chuchu ni mambo ya kuacha: ya kwanza yanamjeruhi mama na yanaweza kuwaletea shida chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ya pili yanaleta ugonjwa wa kiwele.

Kuhusu kuuza, naomba msome polepole. Ndama ni mfugo kama mifugo mingine. Anayetoka nje ya wilaya anahitaji kibali cha kusafirisha, na kibali hutolewa baada ya mkaguzi kumwona mnyama mwenyewe, si picha kwenye simu. Njooni na barua ya mtendaji wa kijiji yenye idadi, jinsia na rangi. Mtapewa namba ya malipo. Lipeni kwa namba hiyo, msimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa amevaa koti letu. Mzigo usio na kibali ukikamatwa kwenye kituo cha ukaguzi unazuiliwa, gharama za kuulisha ni za mwenye mali, na faini au kifungo viko chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Idadi ikizidi iliyoandikwa, hata kwa ndama mmoja, mzigo wote unasimama.

Kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 inaendelea. Hereni ya sikioni ni utambulisho wa ng'ombe, haihusiani na kodi ya kichwa. Kuing'oa au kuihamishia kwa mnyama mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010. Ikidondoka yenyewe, njooni mtoe taarifa mapema na mje na ng'ombe mwenyewe. Wiki iliyopita mtu alituletea sikio.