Mbwa anapopenda tope: mchagulie pa kuchezea

Mvua za vuli zikishaanza hapa Mwanza, malalamiko ya wenye mbwa huwa yaleyale: kaogeshwa asubuhi, mchana yumo dimbwini, jioni anajisugua kwenye mlango wa sebule. Wapo wanaomchapa. Fimbo haimfundishi kitu, maana kwa upande wake hajakosea.

Kwanza ni joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo, na joto lililobaki hulitoa kwa kuhema ulimi nje. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39, juu kuliko letu, na jua la saa nane katikati ya haya mawe yetu humwelemea mapema. Tope likigusa tumbo, penye manyoya machache, humpoza, na maji yake yanapogeuka mvuke huondoka na joto zaidi. Ndiyo maana huchimba kwanza, kisha akajilaza kifudifudi kwenye udongo wa chini ambao jua halijaufikia.

Halafu kuna pua. Udongo uliolowa hutoa harufu nyingi kuliko mkavu, na kwa mbwa harufu ni habari. Kwa nini hujigaragaza hasa penye uvundo, wataalamu hawajakubaliana: wengine husema anaficha harufu yake mwenyewe, kama mababu zake wawindaji, wengine kwamba anawabebea wenzake taarifa. Upweke nao usisahaulike. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani kutwa nzima, akifunguliwa usiku atachimba tu.

Tope lenyewe si adui. La kuuliza ni limetoka wapi. Tope la bustanini ni jambo moja. La mtaro unaoteremka kuelekea Mto Mirongo, wenye taka na panya, ni jingine kabisa. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliotangazwa Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Vimelea hivyo huweza kuishi kwenye udongo wenye unyevu kwa wiki kadhaa, humwingia mbwa kupitia michubuko au anapojilamba, na mkojo wake huweza kuwaambukiza watu wa nyumbani. Chanjo ya mbwa ipo, na hurudiwa kila mwaka. Yapo pia mabuu ya minyoo ya safura, yanayopenya ngozi, hata ya mtoto anayekanyaga peku palipo na kinyesi cha mbwa. Kinyesi kiondolewe kila siku, na dawa ya minyoo itolewe kwa ratiba ya daktari.

Sasa niseme linalonisumbua kuliko yote: kumpeleka mbwa ziwani kumwosha. Ukisimama majini hadi magotini ukimsugua, kichocho kinakutafuta wewe. Konokono wa ufukweni hutoa vimelea vyake kwa wingi jua likiwa kali, saa ileile ya mchana ambayo vijana hupenda kwenda. Na penye matete kuna mamba. Kama huna maji ya bomba, weka ya ziwani kwenye pipa lenye mfuniko, lisilo na konokono, kwa siku mbili. Vimelea vya kichocho vitakuwa vimekufa.

Nyumbani, usikimbilie sabuni. Tope la kichanga likikauka hupukutika kwa brashi. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Magu na Misungwi, hukauka katikati ya vidole kama saruji. Huo uloweke kwanza kwa maji ya vuguvugu, kisha uutoe kwa vidole na ukaushe vizuri. Sabuni ya unga hapana, inachubua. Hata ya kuogea ya binadamu haimfai, kwani ngozi yake haina asidi kama yetu. Iko shampuu ya mbwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia, hata kupe wakiwa wengi kiasi gani: akijilamba anaimeza.

Kisha mpe pake. Chini ya mwembe weka mchanga, umwagie maji safi kidogo, ufukie dagaa wachache ili awe na cha kutafuta. Sehemu usizotaka achimbe zipange mawe, bidhaa ambayo Mwanza haijawahi kupungukiwa. Kivuli na maji ya kunywa visikosekane kutwa.

Akikataa kula, akatapika, akapata homa au macho yakawa manjano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na umtajie dimbwi au mtaro aliokuwa akiingia. Shika mkojo wake kwa glavu. Mtu wa nyumbani akipata homa kipindi hicho, amweleze daktari wa hospitali kwamba kuna mbwa mgonjwa.